Seva ya Nyumbani Lamu: Hatua kwa Hatua, Bila Kuacha Mlango Wazi

Kila baada ya harusi mbili tatu napigiwa simu ile ile. "Tuna picha za kupamba, simu ya dada imejaa, hatutaki ziende intaneti. Tuziweke wapi?" Nikijibu kwamba wanaweza kuwa na seva yao ndani ya nyumba, yaani kompyuta inayobaki imewashwa kuhifadhi picha za wote, maswali yanafuatana kwa mpangilio uleule: mashine gani, stima itakula kiasi gani, na je, hakuna mtu wa mbali atakayeingia? Nimeyajibu dakani, kwenye baraza ya mlangoni, nimeyajibu kwenye boti ya Mokowe, nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti usiku. Sasa nayaandika.

Asiyejua kwa nini picha za kupamba ni jambo zito, afahamu hivi: kupamba ni sherehe ya wanawake katika harusi, na pale wako peke yao, mabuibui yamevuliwa, na mara nyingi simu zinakatazwa mlangoni. Zile chache zinazopigwa kwa ruhusa ni amana. Lakini simu nyingi zimewekwa kupandisha kila picha kwenye akaunti ya mtandaoni bila kuuliza, na akaunti hiyo huenda ilifunguliwa na kijana wa dukani ambaye nenosiri bado analikumbuka.

Waliojenga nyumba zetu za mawe walilijua jambo hili. Mgeni hukaribishwa dakani. Akivuka mlango anaingia tekani, kile kiukumbi cha kuingilia, na tekani imepindishwa makusudi ili jicho la aliye mlangoni lisifike kiwandani, yaani kwenye uwanja wa ndani. Seva yako nayo iwe hivyo. Katika mwongozo huu hatutafungua poti hata moja kwenye rauta, yaani mlango wa mtandao wenye namba wa kupitishia watu wa nje. Ukisoma mahali pengine uambiwe "fungua poti 22" au "fungua 443", acha kwanza, maliza hapa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ndogo ya mtumba, zile za ofisini zenye ukubwa wa kitabu kinene (ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini). RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 250 zinatosha. Raspberry Pi 5, kompyuta ya ubao mmoja, nayo inafaa, ila kusakinisha kwake ni tofauti na hatua ya 3, na kwa bei ya Pi pamoja na chaja, kasha na diski, mara nyingi mashine ya mtumba inakupa zaidi.
- SSD mbili za nje za TB 1 au zaidi. Moja ya kazi, moja ya bakapu (nakala ya akiba). Usinunue moja ukisema ya pili utaongeza mwezi ujao.
- Kebo ya mtandao ya kufika kwenye rauta. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita unaua wifi.
- UPS ndogo (betri ya kushikilia stima ikikatika) ya kubeba mashine na rauta.
- Flashi ya GB 8, na laptopu ya kufanyia kazi.
- Daftari la karatasi. Hili si pambo, utaliona kazi yake.

Kuhusu stima: mashine ya namna hii ikiwa imetulia hula kama wati 10. Kwa siku ni wati-saa 240, kwa mwezi ni yuniti 7 hivi. Piga hesabu na bei ya tokeni yako.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pa mashine

Wengi wanapita haraka hapa, na hapa ndipo kisiwa kinapowaadhibu. Mashine yangu ya kwanza niliiweka kwenye kidaka cha ukutani, ilipendeza kabisa. Baada ya msimu mmoja wa kusi ikaanza kupiga kelele na kujizima. Nilipoifungua, feni ilikuwa imevaa unga mweupe uliokauka kama jivu lililomwagiwa maji: chokaa iliyokuwa ikidondoka kutoka juu, imeshikana na chumvi ya hewa. Vile vipini vya shaba mahali pa kuchomekea kebo vilikuwa na kutu ya kijani. Mjusi kafiri alikuwa ametaga nyuma ya adapta ya umeme.

Kwa hiyo: iwe chumba cha ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, juu ya rafu ya mbao na si juu ya ukuta wenyewe, na pasiwe chini ya dari linalodondosha chokaa. Usiifungie kwenye kabati lisilo na hewa. Kila miezi mitatu izime, ifungue, pangusa feni kwa brashi laini kavu. Matundu yasiyotumika yazibe kwa vifuniko vidogo vya mpira.

Ingia pia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka) utafute pale panaposema mashine ifanye nini stima ikirudi, uchague iwake yenyewe.

Hatua ya 2: Safisha rauta

Badilisha nenosiri la usimamizi, lile lililoandikwa kwenye kibandiko halifai. Zima UPnP, kwa sababu inaruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza. Zima WPS, ile njia ya kuunga wifi kwa kitufe au PIN. Kama kuna toleo jipya la programu ya rauta, liweke. Kisha ipe mashine yako anwani isiyobadilika katika sehemu ya DHCP, ile inayogawia vifaa anwani. Mimi nitatumia 192.168.1.20 kama mfano, wewe weka yako.

Hatua ya 3: Weka Debian

Pakua faili la kusakinishia Debian (mfumo endeshi wa Linux), lile la netinst, kutoka tovuti yao, hakiki SHA512 yake (alama ya kuthibitisha kwamba faili ni lenyewe), liandike kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo. Mambo matatu tu ya kuangalia wakati wa kusakinisha:

Jina la mashine lisiwe jina la ukoo. Yangu inaitwa mtepe. Sababu utaiona hatua ya 7.

Ukiulizwa nenosiri la root, yaani mtumiaji mkuu mwenye uwezo wote, liache tupu. Debian itafunga root na kumpa mtumiaji wa kwanza uwezo wa sudo, yaani kutoa amri kama mkuu. Mtumiaji wangu anaitwa nahodha.

Kwenye orodha ya programu ondoa alama kwenye mazingira ya dawati, bakisha "SSH server" (njia ya kuiamuru mashine kutoka kompyuta nyingine) na "standard system utilities". Seva haihitaji skrini ya kupendeza, na kila programu isiyokuwepo ni programu isiyodukuliwa.

Ikishawaka:

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`
`sudo apt install unattended-upgrades ufw cryptsetup restic`
`sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades`

Hapo ufw ni ya kufunga milango ya mtandao, cryptsetup ya kufunga diski, restic ya bakapu. Amri ya mwisho ukijibu ndiyo, marekebisho ya usalama yataingia yenyewe. Mashine nyingi zinazovamiwa huvamiwa kwa ufa ambao dawa yake ilishatoka zamani na mwenye mashine hakuiweka.

Hatua ya 4: Ingia kwa ufunguo, si kwa nenosiri

Kwenye laptopu yako, si kwenye seva:

`ssh-keygen -t ed25519`
`ssh-copy-id nahodha@192.168.1.20`

Ufunguo huo ni faili la siri linalokaa kwenye laptopu; upe nenosiri lake. Jaribu kuingia. Ukiingia salama, kwenye seva andika faili `/etc/ssh/sshd_config.d/10-nyumbani.conf` lenye mistari hii:

`PasswordAuthentication no`
`KbdInteractiveAuthentication no`
`PermitRootLogin no`

Halafu:

`sudo sshd -t`
`sudo systemctl restart ssh`

Ikiwa `sshd -t` haisemi kitu, hiyo ni heri. Ikisema, rekebisha kabla ya kuwasha upya. Onyo: usifunge dirisha ulilo nalo hadi ufungue dirisha la pili na kuingia kwa ufunguo. Ukifunga mapema na kuna kosa, itabidi ubebe kibodi na skrini hadi kwenye rafu.

Hatua ya 5: Funga milango

`sudo ufw default deny incoming`
`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp`
`sudo ufw enable`

Mpangilio huu usiugeuze. Anayeanza na `enable` akisahau mstari wa pili anajifungia nje ya nyumba yake.

Na jambo ambalo hata wazoefu hukosea: Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya visanduku vyake, ambayo tutaitumia, huandika kanuni zake za mtandao zinazopita kando ya ufw. Unaweza kuona ufw inasema imefunga, na huku huduma ya Docker iko wazi kwa kila aliye kwenye wifi yako. Dawa yake iko hatua ya 8, usiiruke.

Hatua ya 6: Diski ya kazi ifungwe kwa usimbaji

Mashine inaweza kuibwa. Inaweza pia kuharibika ikaenda kwa fundi Mombasa, na diski ikaenda nayo. Bila usimbaji, yaani kugeuza yaliyomo yasisomeke bila nenosiri, yeyote atakayeichomeka kwenye kompyuta yake atatazama harusi nzima.

Watu huniuliza kwa nini nisifunge mashine yote. Ni kwa sababu ya stima. Ukifunga mfumo mzima, kila ikikatika kwa kawaida lazima mtu akae mbele ya mashine aandike nenosiri ndipo iwake. Ukifunga diski ya data peke yake, mashine inawaka yenyewe, nawe unaifungua diski ukiwa popote. Kwa nyumba zetu nimeona huu ndio mpango unaodumu. Usimbaji unaowachosha watu wa nyumbani utazimwa na watu wa nyumbani.

Tazama jina la diski:

`ls -l /dev/disk/by-id/`

Tumia jina refu lile, si `/dev/sdb`, maana herufi hubadilika ukihamisha kebo. Mahali nilipoandika DISKI weka jina lako:

`sudo cryptsetup luksFormat /dev/disk/by-id/DISKI`
`sudo cryptsetup open /dev/disk/by-id/DISKI ghala`
`sudo mkfs.ext4 /dev/mapper/ghala`
`sudo mkdir /mnt/ghala`
`sudo mount /dev/mapper/ghala /mnt/ghala`

Onyo: amri ya kwanza inafuta kila kilichomo, ndiyo maana inataka uandike YES kwa herufi kubwa. Soma jina la diski mara mbili kwa sauti.

Nenosiri liwe maneno sita au saba yasiyohusiana. Liandike kwenye daftari, daftari liwekwe pamoja na hati ya nyumba. Ukilipoteza hakuna fundi, hakuna kampuni, hakuna wa kukufungulia. Na mtu mmoja unayemwamini ajue daftari lilipo. Mauti hayabishi hodi, na picha za marehemu ndizo familia itakazozitafuta kwanza.

Hatua ya 7: Njia ya kuingia ukiwa nje

Unataka kuona picha ukiwa Malindi au Nairobi. Hapa ndipo watu hufungua poti. Niliwahi kufungua 22 usiku mmoja kwa majaribio. Asubuhi nikasoma kumbukumbu kwa `sudo journalctl -u ssh`: mstari juu ya mstari wa wageni wakijaribu majina ya root, admin, pi, test. Hawakunitafuta mimi. Ni programu zinazopita kila anwani duniani zikitikisa kila kitasa.

Tena kwa wengi wetu poti isingefunguka hata tukitaka. Linganisha anwani ya WAN (ya upande wa nje) iliyo kwenye rauta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kukuambia anwani yako. Zikitofautiana, au ile ya rauta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hiyo ndiyo CGNAT, na kufungua poti hapo hakukusaidii chochote.

Njia ninayopendekeza kwa anayeanza ni Tailscale, huduma inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha. Imejengwa juu ya WireGuard (mfumo wa kusimba mawasiliano), inapita CGNAT bila shida, na funguo za siri hubaki kwenye vifaa vyako. Kampuni inajua una vifaa gani na viko wapi kwenye mtandao, ila haisomi kilichomo. Asiyetaka hata hilo yupo Headscale wa kujiendeshea mwenyewe, lakini anza na jepesi. Fuata maelekezo ya kusakinisha kwenye tovuti yao, kisha:

`sudo tailscale up`
`sudo ufw allow in on tailscale0 to any port 22 proto tcp`

Weka programu hiyo kwenye simu za familia. Akaunti uliyojisajilia iwekee uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu sasa hiyo ndiyo mlango wako. Kwenye ukurasa wa usimamizi washa HTTPS (kurasa za tovuti zilizosimbwa), na kwa seva peke yake zima muda wa ufunguo kuisha. Kawaida ni siku 180.

Ukiwasha HTTPS, jina la mashine huingia kwenye daftari la vyeti vya HTTPS ambalo dunia nzima inaweza kulisoma. Ndiyo sababu yangu niliiita mtepe, si jina la ukoo.

Hatua ya 8: Weka Immich kwa ajili ya picha

Immich ni programu ya albamu za picha inayokaa kwenye seva yako. Sakinisha Docker kwa maelekezo ya Docker wenyewe ya Debian. Tengeneza folda `~/picha`, pakua humo faili la `docker-compose.yml` na la `.env` kutoka Immich. Badilisha haya kwenye `.env`:

`UPLOAD_LOCATION=/mnt/ghala/picha`
`DB_DATA_LOCATION=/mnt/ghala/hifadhidata`

na `DB_PASSWORD` iwe yako. Kwenye `docker-compose.yml`, pale penye `2283:2283` andika `127.0.0.1:2283:2283`. Huo ndio mstari unaofunga lile tundu la Docker nililolitaja: huduma itaonekana na seva yenyewe tu. Na kila palipoandikwa `restart: always` weka `restart: "no"`, pamoja na alama za nukuu; sababu utaiona kwenye Mambo yakikwama.

Andika faili dogo la `fungua.sh`, la kufungua diski na kuwasha Immich:

`sudo cryptsetup open /dev/disk/by-id/DISKI ghala && \`
`sudo mount /dev/mapper/ghala /mnt/ghala && \`
`cd ~/picha && sudo docker compose up -d`

Mara ya kwanza, kwa kuwa diski iko wazi tayari, endesha mstari wa mwisho peke yake, halafu:

`sudo tailscale serve --bg 2283`

Utapewa anwani inayoanza na https. Ifungue kwenye simu yenye Tailscale, jisajili kama msimamizi, mfungulie kila mtu akaunti yake. Albamu ya kupamba mshirikishe anayestahili tu. Mwanamume wa nyumbani anayeendesha seva hana haki ya kuiona kwa kuwa ameshika kibodi. Nyumbani kwetu msimamizi wa akaunti ni dada yangu, na nenosiri la diski analo yeye. Mimi nashika kebo.

Kisha rudi kwenye kila simu uzime kule kupandisha picha kwa zamani. Nimeona watu wamejenga seva nzima na simu bado inapeleka kila kitu kulekule.

Hatua ya 9: Bakapu

Usifute picha yoyote kwenye simu kabla ya hatua hii. Nilipoteza mwaka mzima wa picha za mama yangu kwa diski moja iliyokufa bila dalili, na ndiyo sababu diski ni mbili kwenye orodha.

Chomeka diski ya pili, itengenezee mfumo wa faili, ipandishe (kwa `mount`, kama hatua ya 6) kwenye `/mnt/bakapu`. Halafu:

`sudo restic -r /mnt/bakapu/restic init`

Mara moja kwa wiki, mimi hufanya Ijumaa asubuhi:

`cd ~/picha && sudo docker compose stop`
`sudo restic -r /mnt/bakapu/restic backup /mnt/ghala`
`sudo docker compose up -d`
`sudo restic -r /mnt/bakapu/restic check`

Tunasimamisha kwanza ili hifadhidata isinakiliwe ikiwa inaandikwa. Restic husimba kila kitu, kwa hiyo diski hii inaweza kulala kwa jamaa Shela au Mpeketoni bila hofu. Isilale kwenu. Nyumba zetu zimebanana, moto au mwizi atachukua zote mbili.

Mara moja kwa miezi michache rejesha faili chache kwa `restore latest --target /tmp/jaribio --include` na njia ya folda moja, uzifungue kwa macho yako.

Kwa wenye nyumba za wageni

Ukiweka humo nakala za pasipoti za wageni, hayo si matumizi ya nyumbani tena. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inasamehe shughuli za binafsi na za kifamilia, haisamehi biashara. Weka folda yake, futa nakala usiyoihitaji, na usizichanganye na picha za familia.

Mambo yakikwama

*"Connection refused" ukijaribu kuingia.* Mashine iko hai ila SSH haijawaka. Nenda kwenye rafu, angalia `systemctl status ssh`.

*"Connection timed out".* Mashine haipatikani: kebo, stima, anwani iliyobadilika, au ufw. Anza na kebo. Vuta, angalia kutu, chomeka tena.

*Immich inakuomba ujisajili upya, picha zote hazipo.* Usiogope na usijisajili. Stima ilikatika, mashine ikawaka, diski bado imefungwa, na Immich ikaanza juu ya folda tupu. Hilo hutokea kwa aliyeacha `restart: always`. Isimamishe kwa `sudo docker compose down`, toa zile folda tupu zilizojitengeneza ndani ya `/mnt/ghala` (hakikisha kwanza kwa `mountpoint /mnt/ghala` kwamba diski haijapanda), kisha endesha `fungua.sh`. Picha zako zipo.

*Ukurasa haufunguki kabisa baada ya stima kurudi.* Hiyo ndiyo kawaida ya mpango huu. Ingia kwa SSH kupitia Tailscale, endesha `fungua.sh`, andika nenosiri la diski.

*Seva ilipatikana miezi kadhaa, sasa imetoweka kwenye Tailscale.* Ulisahau kuzima muda wa ufunguo. Fanya `sudo tailscale up` ukiwa nyumbani.

*Simu haipeleki picha.* Mara nyingi ni simu inayookoa betri kwa kuua Immich au Tailscale. Ziondoe zote mbili kwenye udhibiti wa betri. Kwa albamu kubwa ya kwanza, iache simu kwenye chaja na wifi ya nyumbani usiku kucha.

*Mashine inazima mchana wa kaskazi.* Joto. Shika kasha kwa mkono. Usipoweza kuuacha hapo, fungua, safisha feni, na uihamishe kwenye chumba cha chini, kilicho baridi kuliko vyote.